Tangi la Kwenda Mwezini

Tangi liligonga saa nne za asubuhi, watu wote watatu wakiwa nje wanakunywa chai. Ko, ko, ko. Espérance aliokota nyundo iliyokuwa karibu na mguu wake, akajibu mara tatu kama alivyofundishwa, kisha ndipo akakumbuka kuhesabu watu. Mume wake Zacharie alikuwa kitini. Katsuva, fundi cherehani, alikuwa kwenye benchi akichovya mkate. Ndani ya tangi hapakuwa na mtu.

Zacharie alisema ni jua lililopasha chuma. Asubuhi hiyo Bunia nzima ilikuwa chini ya wingu, lakini hakuna aliyembishia.

Huyu Zacharie alikuwa mchomeleaji wa vyuma, milango yake ikisifiwa mtaa wote wa Mudzipela, na kwa mwaka mzima alikuwa akijitayarisha kwenda mwezini. Ukitaka kucheka, cheka, mtaa wote ulicheka. Alikuwa amekwisha kuandikia ofisi ya serikali ya komini barua ya heshima, akiomba ruhusa ya kutoka nchini kwa upande wa juu. Katsuva alimshonea mavazi matatu ya safari kwa turubai na zipu. Chakula kilikuwa samaki wa chumvi wa makayabu, karanga na unga wa muhogo, na swali la nani atasonga fufu huko juu liliwagombanisha wiki mbili. Kila siku mmoja alifungiwa ndani ya tangi saa moja ili azoee hewa kidogo. Espérance, ingawa vazi la tatu lilikuwa lake, hakuwa na nia ya kwenda mwezi wowote. Kazi yake ilikuwa kukaa nje na nyundo, na kila Jumapili alimwomba Mungu ampe mume mwenye akili.

Sheria ya nyundo ilitoka kwa Zacharie mwenyewe. Alikulia kwenye kuchunga ng'ombe, na kwao mchungaji akiitwa kutoka kilima cha pili huitika hata kama hamjui anayeita, kwa sababu kunyamaza ni kumwacha mtu katika shida. Kwa hiyo aliamuru kila anayegonga ajibiwe, bila kuuliza. Tangi lenyewe alilipata Nizi, alikokwenda kutengeneza mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji walimpa bure, wakalipandisha kwenye lori kwa mikono yao, kisha wote wakakataa kupanda lori hilo. Yeye aliona ukarimu tu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Katsuva. Hata dakika kumi hazikupita, akagonga kwa ngumi zote mbili. Alipofunguliwa alinuka udongo mbichi wa chini sana.

"Iko mutu mule," alinong'ona. "Alinipisha nafasi nikae."

Akavua vazi lake, akaliacha palepale, akaenda nyumbani kwa miguu mitupu. Zacharie alikasirika. Alivaa vazi lake, akasema ataingia mwenyewe na kuwaonyesha kuwa tangi ni tangi. Espérance alimshika mkono akamwomba aache, naye akamtania kwamba wivu wa mwezi umemwingia, akavuta mfuniko.

Saa moja baadaye aligonga, akajibiwa, akatoka. Hakuwa na tone la jasho, na wote waliotoka mule kabla yake walitoka wameloa. Alilikunja vazi vizuri, akaenda kumalizia mlango wa mteja.

Tangu siku ile akawa mume ambaye kila mtu alimtamani. Hakutaja tena mwezi. Alikwenda kazini mapema, akasalimia wazee, akaketi kiti cha mbele kanisani. Majirani walimpongeza Espérance, wakamwambia maombi yake yamejibiwa, naye alishukuru bila kuwaangalia usoni. Maana mchana mmoja, mume amelala kidogo baada ya chakula, aliweka kiganja mgongoni mwake, akaukuta baridi kama sufuria iliyolala nje, akahesabu pumzi zake mwenyewe kumi kabla mgongo ule haujainuka mara moja. Na kila siku saa nne za asubuhi, mume akiwa ameshakwenda kazini, tangi liligonga, pigo la tatu likichelewa kidogo, namna ileile ya Zacharie, ambaye ng'ombe alimvunja kifundo cha mkono utotoni na hakikupona sawasawa. Espérance alifungua mfuniko badala ya kujibu, akaona utupu. Aliufunga, na kugonga kukaanza upya.

Alimwita mama Véronique, kiongozi wa kikundi cha maombi, mzaliwa wa Nizi. Mama yule aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka.

"Nani alijibu?"

"Ni miye."

Véronique alieleza kwa sauti ya chini, akiangalia lango. Kwenye mashimo ya dhahabu, udongo ukifunika watu, walio juu hujibu mapigo yao siku tatu tu. Baada ya hapo hakuna anayejibu, hata mama mzazi, kwa sababu anayegonga si mtu tena. Ukimjibu umemruhusu kutoka, na hatoki bila kumwacha mwingine mahali pake.

"Bwana yako iko mule, angali muzima," alisema. "Ukijibu tena, atarudi. Lakini ujibu mbele ya huyu mwengine, ukimuangalia mu macho. Na usikawie."

"Na huyu atanifanya nini?"

Véronique alifunga kitambaa chake upya kichwani kabla ya kusema. "Sijui, mutoto yangu. Mwenye alijaribu hakurudia kutuambia."

Asubuhi iliyofuata mume hakwenda kazini. Alivuta mashine yake ya kuchomelea mpaka kwenye tangi, akasema kwa upole kwamba afadhali walifunge kabisa, watoto wa jirani wasije wakaingia. Maneno ya mtu mzima mwenye busara. Akachomelea robo ya mfuniko, kisha nusu, na Espérance akasimama kando na nyundo mkononi, akisubiri, akijiambia kwamba ataweza, kwamba ni mapigo matatu tu, kwamba mwanamke aliyevumilia mwaka mzima wa mwezi na turubai na vicheko vya mtaa hawezi kushindwa na mapigo matatu, mpaka saa nne ikafika na chuma kikagonga, ko, ko, kisha ko iliyochelewa.

Moto ulizimika. Mume aliinua kofia ya kuchomelea, akamtazama, akakaa hivyo akimtazama bila kupepesa na bila kupumua, na ile harufu ya udongo mbichi ikaja mpaka puani mwa Espérance.

"Uko unasikia kitu?" aliuliza.

Espérance alimpenda Zacharie, pamoja na mwezi wake, kuliko alivyopata kujua. Aliogopa zaidi.

"Hapana," alisema. "Sisikie kitu."

"Aksanti, mama."

Akanyoosha mkono kuomba kijiti kingine cha kuchomelea, na Espérance akaweka nyundo chini, akampa.