Kamera ya Mwalimu Klachi

Kila jioni, jua likishalegea, Mwalimu Klachi alitoka nje kulifunika gari lake. Wenzake wa rika lake walikuwa wanafungia kuku. Yeye alifunika gari.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, lenye umri mkubwa kuliko vijana wengi wa mtaa ule. Upande wa abiria nao ulikuwa na pedali, ya breki na ya klachi. Mzee huyu alikuwa akikaa upande huo na kufundisha watu kuendesha. Alipiga kelele, "Klachi! Kanyaga klachi!" mpaka jina lake halisi likasahaulika. Hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumtania.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona turubai la kulifunika gari, kwa kitambaa kigumu cha kijani. Alilipima gari lile mbele, nyuma na ubavuni, kama anayempima bibi harusi. Sasa mama yule hayupo tena duniani. Turubai lilibaki. Kila jioni Mwalimu alilitandaza taratibu na kunyoosha mikunjo yake. Wakati huo, kwa dakika chache, hakujisikia mpweke.

Zamani gari lilikuwa linalala nje na vioo wazi. Mtoto akiligusa, jirani alimkemea kabla mwenyewe hajasikia. Siku hizi kila mtu anajali mambo yake.

Kwanza kiliibiwa kioo cha pembeni. Kisha ikaondoka taa ya nyuma. Siku moja kabla ya alfajiri mzee alisikia mlio, akatoka peke yake na bakora mkononi. Hakumkuta mwizi. Ila binti yake alimkuta yeye, amesimama kwenye baridi bila viatu, anatetemeka.

Binti huyo alikuwa muuguzi, na waliishi pamoja.

"Baba, watu waliojeruhiwa na wezi nawaona kazini," alisema. "Nawafunga bendeji kwa mikono hii. Sitaki siku moja nikufunge wewe."

"Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia gari tu."

"Gari ni chuma, baba. Kikiibiwa kitu kingine, tunaliuza. Mnunuzi nimeshampata."

Mwalimu aliumia moyo. Kuliuza gari lile kwake kulikuwa sawa na kumzika mkewe mara ya pili.

Basi akanunua kamera. Hakumwita fundi. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kuendesha atashindwaje na kijidude cha ukubwa wa ngumi? Akapanda ngazi, akaifunga juu kabisa, chini ya paa. Jirani wa nyumba ya mbele, mama mmoja muuza maua, alimtazama huku akicheka.

"Mzee, unapiga picha gari au unapiga picha mwezi?"

"Kejeli zako kaziuze pamoja na maua yako!" alijibu.

Aliunganisha kamera na simu. Picha ilipotokea, alifurahi kama mtoto. Alikaa sebuleni akilitazama gari lake mpaka chai ikapoa. Jioni ilipofika akatoka, akalifunika gari kama kawaida, akaenda kulala bila wasiwasi.

Siku chache baadaye aliamka, akaliinua turubai. Gari lilikuwa limeinama. Gurudumu moja la upande wa ukutani halikuwepo. Mahali pake palikuwa na matofali mawili.

Alikimbilia simu. Aliangalia picha zilizorekodiwa, akaziangalia tena. Aliona turubai likivimba kidogo, likatulia, likavimba tena. Mwishoni ilipita kofia. Uso hakuna. Mwizi alikuwa amejificha ndani ya turubai, akafanya kazi yake kwa raha zake.

Binti aliangalia, akashusha pumzi. "Pole, baba. Nampigia mnunuzi."

"Mwanangu, nisubiri kidogo. Kuna mtu nataka aje alione."

Mtu huyo alikuwa fundi umeme, mwanamke anayefunga kamera kwenye maduka na majumba. Zamani alijifunza kuendesha katika gari lile lile. Siku yake ya kwanza aliikanyaga kwa gari kamba nzima ya nguo za mke wa Mwalimu, na mama yule alicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema fundi.

"Marahaba. Leo usikanyage nguo za mtu."

"Leo nimekuja kwa miguu, usiogope."

Fundi alilizunguka gari. Akatazama juu kwenye paa. Kisha akamwambia mzee afungue picha ya kamera kwenye simu. "Mwalimu, kaa hapa mlangoni. Mimi nitatembea. Ukiacha kuniona, sema."

Akatembea. Alipopita mbele ya gari, Mwalimu alimwona utosi tu. Alipoingia kati ya gari na ukuta, akainama.

"Sikuoni!" mzee akaita.

"Hapo ndipo alipoinama mwizi," fundi akajibu. "Mwalimu, ulikuwa unatuambia nini kuhusu vioo vya gari?"

Mzee akajibu, "Kila kioo kina mahali ambapo hakioni. Geuza shingo."

"Na kamera ni hivyo hivyo. Ukiifunga juu sana inaona kofia, haioni sura. Ukiifunga chini sana mtu anaing'oa. Tuiweke kwenye ile kona ya nyumba, juu kidogo ya mkono wa mtu mrefu. Hapo itaona mbele ya gari na njia ya kuingilia. Tutafunga gurudumu la akiba, halafu gari tulisogeze lishikane na ukuta. Mtu asipate pa kuchutama."

"Na usiku je?"

"Taa hii ya nje inapiga moja kwa moja kwenye kamera, picha inakuwa nyeupe tupu. Tutaigeuza iangaze gari. Haya, neno la siri la kamera ni lipi?"

"Lile lililoandikwa kwenye boksi."

"Eh, Mwalimu! Hilo analijua kila aliyenunua kamera kama hii. Mtu anaweza kuangalia nyumba yako akiwa kwake. Weka jipya, refu, na usimpe mtu asiyehusika."

Wakahamisha kamera. Fundi akaangalia simu, akatikisa kichwa. "Sasa tunaona sebule ya jirani. Hii si haki yetu." Akaigeuza polepole mpaka dirisha la muuza maua likatoka kwenye picha. Kisha akamtuma Mwalimu mwenyewe avuke barabara kumweleza.

Muuza maua alisikiliza mpaka mwisho. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Mimi nilidhani siku hizi unanipeleleza. Nikisikia kitu kwako, nitapiga kelele."

Lilibaki jambo moja. Fundi alilishika turubai, akalipapasa mshono.

"Hili alilishona mama?"

"Yeye mwenyewe."

"Mwalimu, kamera haioni kupitia kitambaa. Ukilifunika gari usiku, unamfunika na mwizi."

Mzee aligeukia ukutani. "Nikiliacha wazi, nitabaki na nini cha kufanya jioni?"

"Jua ndilo linaloharibu rangi," alisema fundi. "Lifunike mchana, ukiwa umekaa hapa. Jioni livue, ulikunje. Na jambo la mwisho, tafadhali. Nimeiweka simu ilie kengele kitu kikisogea mbele ya kamera; ikilia, usitoke nje. Kamera kazi yake ni kukuonyesha tu. Haitakukinga na panga."

Binti, aliyekuwa mlangoni, alisema, "Hilo alisikie vizuri. Haya, nitamsubirisha mnunuzi wiki mbili. Si zaidi."

Wiki ya kwanza ilipita. Kengele ililia kwa sababu ya paka, ikalia kwa sababu ya buibui aliyetanda utando mbele ya kioo cha kamera. Mwalimu alijifunza kukifuta kwa kitambaa laini.

Kisha jioni moja, wakiwa mezani, simu ililia. Kwenye picha, mtu mwenye shati la mistari alikuwa ameinama karibu na gurudumu la mbele. Mkono wa mzee ulikwenda kwenye bakora. Binti akamtazama. Mkono ukarudi. Mzee akabonyeza kitufe cha kuongea, na sauti yake ikatokea kwenye kamera.

"Wewe wa shati la mistari! Gari si lako na sura yako nimeiona!"

Mtu yule aliruka. Akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera, mdomo wazi. Ng'ambo ya barabara muuza maua akaanza kupiga kelele, milango ikafunguliwa mtaa mzima. Mtu alikimbia. Hakuna aliyeumia. Picha ya uso wake ilifika polisi usiku ule ule, na kabla ya wiki kwisha alikamatwa. Gurudumu lililoibiwa lilipatikana kwa muuza vipuri.

Hata hivyo, wiki mbili zilikuwa zinakaribia kwisha, na binti hakuwa amesema lolote kuhusu mnunuzi. Mwalimu aliogopa kuuliza.

Jioni moja alilivua turubai, akaanza kulikunja. Lilikuwa kubwa. Ukishika kona mbili, nyingine mbili zinaburuta chini. Alikunja, likamponyoka, akaanza upya. Mlango ukafunguliwa. Binti akatoka na sare yake ya kazi, akainama, akaokota zile kona mbili za chini.

"Unafanya nini?" aliuliza mzee.

"Siku ile nilikuwa natafuta picha ya mwizi niwape polisi. Nikakuona wewe, baba. Kila jioni. Unakunja, linakushinda, unarudia. Halafu unalikumbatia na kusimama tu." Akazinyanyua zile kona. "Sikujua."

"Mama yako alikuwa anashika upande huo."

"Nakumbuka. Alikuwa analivuta kwa nguvu makusudi, ili uyumbe."

Mzee alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Na mnunuzi?" aliuliza.

"Nimemwambia atafute gari lingine."

Kisha binti akalivuta turubai kwa ghafla, na Mwalimu Klachi akayumba.