Minyaa ya Yotham

— Shangazi, Yotham hataki tena kunioa.

Loisi alisema hivyo akiwa na barua mkononi. Shangazi Anyesi akaacha kusaga mtama wa harusi.

— Nani kasema?

— Mwenyewe. Sikiliza: "Loisi mpenzi, salamu sana. Harusi ya Jumamosi tuiahirishe. Usiniulize sababu. Ni mimi Yotham, mwenye huzuni."

— Mwenye huzuni, eti. Hapo kuna mwanamke, mwanangu. Miaka yote ile kambini alipokuwa akiwajengea Wajerumani reli, unadhani alikuwa anahesabu mataruma tu?

Loisi akaikunja barua. Alimpenda Yotham, tena alimpenda vibaya, na hakuwa tayari kumkosa. Akajifunga kaniki yake vizuri, akatoka.

Alimkuta nyuma ya nyumba yao mpya ya tembe pale Makole, amesimama, miguu kaitanua kama mtu aliyeshuka kwenye punda.

— Kaa tuzungumze.

— Nitasimama.

— Kaa, Yotham.

— Loisi, siwezi kukaa.

— Basi nijibu umesimama. Ni mwanamke gani?

Yotham akainama. 

— Alikuwepo mmoja, kule Kilosa. Sikuwa nimekujua bado. Nilidhani yamekwisha, kumbe yamenirudia.

— Amerudi?

— Si yeye. Ugonjwa. Tangu juzi jioni, huku sehemu za siri, ngozi imekuwa nyekundu, imevimba, imetoka malengelenge. Inawaka moto. Ni kaswende, Loisi. Wenzangu kambini ilikuwa inawapata. Sasa nikuoe, nikuletee na wewe?

Hasira na huruma vilimpanda Loisi kwa pamoja, asijue aanze na kipi. Akaanza na hasira.

— Kwa hiyo ukaona uandike barua, badala ya kwenda kutibiwa.

— Naona aibu.

— Mficha maradhi kilio humuumbua. Tangulia mbele, twende bomani.

Bomani alikuwepo Bartolomayo, msaidizi wa daktari wa Kijerumani, mtu mzima mwenye miwani. Loisi alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye benchi. Yotham akaingizwa nyuma ya pazia, lakini pazia haliwezi kuzuia maneno.

— Bwana Yotham, yalianza lini haya?

— Juzi jioni.

— Yule mwanamke ni wa lini?

— Yapata miaka miwili.

— Tangu wakati huo umewahi kupata kidonda? Upele?

— Hapana.

— Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, wala hakikai miaka miwili kikaja kuwaka jioni moja. Ulipaka dawa ya nani?

— Haki ya Mungu, sikupaka kitu.

Pale kwenye benchi, Loisi alikuwa anapiga hesabu yake. Juzi. Juzi ndipo baba yake alipogoma kumtoa binti kwenda kwenye nyumba isiyo na ua. Na Yotham, kwa kutaka kumpendeza mkwe, alishinda kutwa nzima akikata matawi ya minyaa na kuyapanda kuzunguka tembe. Makole nzima inajua utomvu wa minyaa, ule mweupe kama maziwa. Ukikugusa jicho, siku hiyo utalia hata usipofiwa.

— Yotham, ulipokuwa unapanda minyaa, ulinawa mikono?

— Nilinawa jioni, wakati wa kula.

— Na kabla ya hapo, hukwenda haja?

Nyuma ya pazia Yotham akakohoa.

— Nilikwenda. Mara mbili.

Bartolomayo alicheka mpaka akaweka chini bakuli lake.

— Lete vidole nivione. Ndiyo haya haya, malengelenge madogo madogo. Huo ni utomvu, bwana. Osha kwa maji mengi safi, vaa nguo isiyobana, usijikune. Na kwa sababu ya lile la Kilosa, daktari naye akuangalie, muoane bila wasiwasi. Anayekuja kuuliza hachekwi.

— Mbona wewe umecheka?

— Nimeicheka minyaa.

Wakirudi, Loisi alitangulia mbele kwa hatua ndefu.

— Umekasirika?

— Kwa Kilosa, ndiyo. Ungeniambia mapema. Kwa minyaa, hapana. Umeungua kwa ajili ya ua wangu.

— Basi harusi?

— Ukiweza kukaa.

Daktari alimwangalia, akamkuta hana kitu. Jumamosi iliyofuata walioana, na Yotham alikaa vizuri kabisa. Ugali na nyama vilipoletwa, shangazi Anyesi akaja na kata ya maji ya kuwanawisha watu. Loisi akampokea.

— Lete, shangazi. Huyu nitamnawisha mwenyewe.

— Mnaona mapenzi hayo, shangazi akawaambia wageni, kana kwamba si yeye aliyesema kuna mwanamke.

Bartolomayo, mgeni aliyekwisha kunawa na kuanza kula, alipaliwa na kipande cha nyama. Yotham akanyoosha mikono, uso umemwiva kwa haya, na Loisi akamwinamia sikioni huku akimimina maji taratibu.

— Sugua vizuri, mume wangu. Leo mikono hiyo naitaka safi.