Nilisaini kwa Macho Mawili, Nikasoma kwa Jicho Moja

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nakiri mapema, ili msihangaike kumtafuta mwingine kwenye maoni huko chini.

"Kaka, bima hii haipo."

Dada wa mapokezi alinirudishia kadi yangu. Kadi mpya! Inang'aa kama sahani ya harusi.

"Haipo vipi? Si hiyo umeishika?"

"Kadi ipo. Bima ndiyo haipo."

Jicho langu la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji. Ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele, na daktari alishaniambia kwa upole unaotisha: "Kitolewe kesho asubuhi. Kikikaa, jicho unaweza kulipoteza."

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, jamani. Fundi wa kuchomelea bila jicho ni sawa na mwimbaji bila koo!

"Bila bima," dada akaendelea, "operesheni ya hapa inalipiwa kwanza. Una bima nyingine?"

Sikuwa nayo. Na hapa Australia, kwa visa yangu, bima si pambo. Imeandikwa kwenye masharti. Bima ikifa, visa nayo inaanza kukohoa.

Nikaenda kusimama dirishani. Nikakaa. Nikasimama tena. Mzee mmoja pembeni akaniuliza kama natafuta choo.

Nilichokuwa natafuta ni Crisanto!

Sasa tulieni niwaeleze huyu Crisanto ni nani.

Naitwa Rodelio, mtu wa Iloilo, Ufilipino. Mwaka wa tatu huu niko Mackay na mke wangu Luzviminda, Minda kwa kifupi. Nilikuja kwa visa iliyodhaminiwa na karakana moja ya kutengeneza mashine za migodini. Karakana ndiyo iliyonileta, na bima yetu ya familia iko chini yake.

Crisanto ni Mfilipino mwenzangu, hupeleka mafundi kwenye kazi za bandarini, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu, Jaslene. Kwetu, mtu akishamshikia mwanao mbele ya padre, huyo si rafiki tena. Ni kumpare, na mwanamke ni kumare. Ni zaidi ya ndugu.

Na karatasi ya kumpare HAISOMWI. Kuisoma mbele yake ni kumwita mwizi.

Siku ya ubatizo tulikuwa uani kwetu. Nguruwe mzima kabanikwa, ngozi inalia kama chipsi. Karaoke imewashwa. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kuimba, nimepigiwa makofi, kichwa kimevimba. Crisanto akaja na karatasi na kalamu.

"Kumpare, mpaka lini utakuwa mwajiriwa? Njoo kwangu uwe mkandarasi. Kazi ile ile, malipo karibu mara mbili."

"Na visa?"

"Jina lako nimeshalipeleka."

"Na bima?"

Akatoa ile kadi. Ina jina langu kwa herufi za dhahabu!

"Unataka kusoma kwanza?" akauliza, akicheka kwa sauti watu wasikie.

Wageni wote wananitazama. Ningefanyaje?

"Nisome nini, kumpare? Lete kalamu!"

Nikasaini kurasa tano juu ya spika ya karaoke. Halafu nikaimba wimbo mwingine.

Usiku ule ule nikaandika barua ya kuacha kazi, nikampa Minda. Kila Jumatatu yeye hupita ofisi ya karakana akienda kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee.

"Ipeleke."

Akaitazama barua. Akanitazama mimi.

"Nitaipeleka."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Nami sikuuliza. Mwanamke wangu akiwa mpole hivyo, mtu mwenye akili hukimbia. Mimi nikaenda kulala.

Nikahesabu wiki zangu nne za notisi. Ofisi kimya. Kimya chao nikakichukulia kuwa ni majonzi.

Ijumaa ya mwisho nikabeba katoni ya bia niwaage wenzangu. Darryl, msimamizi wetu, akakunja uso.

"Rodi, umeharibu nini?"

Maana pale karakanani mtu haleti katoni bure. Ukikata chuma vibaya, ukigonga gari la kampuni, unaleta katoni. Ndiyo faini.

"Mtajua Jumatatu," nikawajibu kwa maringo.

Wakanywa huku wanazunguka kukagua kazi yangu yote, wakitafuta kosa!

Jumamosi asubuhi nikaanza kumtengenezea Crisanto zawadi. Pipa la chuma, nilikate liwe jiko la kubanikia, la sikukuu yake ya kuzaliwa. Nikawasha grinda. Miwani ya kinga nimeiacha kwenye kabati langu kazini.

Cheche moja tu...

Ndivyo nilivyofika dirishani pale hospitalini, nampigia kumpare. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya saba akapokea.

"Kumpare! Kadi yako inagoma!"

"Kadi ipi?"

"Ya bima!"

"Aaa, ile. Ile ni kitambulisho tu."

"Kitambulisho cha nini?"

"Kwamba wewe ni mkandarasi wangu."

"Na bima?"

"Mkandarasi hujinunulia mwenyewe, kumpare. Iko ukurasa wa nne."



"Na visa? Si ulisema jina umepeleka?"

"Nimelipeleka kwa watu wa bandarini, niliwaahidi mafundi sita, wewe ndiye wa sita. Mambo ya uhamiaji unajishughulikia. Ukurasa huo huo, chini kidogo."

"Crisanto, jicho langu..."

"Pole sana. Lakini Jumatatu uje, eh? Hata kwa jicho moja unaweza kushika nyaya."

Akakata!

Wadau, nilizunguka ukumbi ule mpaka mlinzi akaanza kunifuata. Kazi nimeacha. Bima ya zamani imekufa na kazi. Bima mpya haikuzaliwa. Visa sijui iko wapi. Na jicho linapwita, tu! tu! tu! kama saa ya ukutani.

Ndipo Minda akaingia, mtoto kifuani, mfuko wa nepi begani. Nikamweleza yote. Hakulia. Hakunifokea. Akafika mapokezi, akaweka juu ya kaunta kadi yetu ya zamani, ile iliyochakaa pembeni.

"Jaribu hii, dada."

"Minda, hiyo imekufa! Nimeacha kazi!"

"Umeacha kazi kwa barua ipi?"

Akachimba chini ya nepi. Akatoa bahasha. Barua YANGU! Imekunjwa mara nne, ina doa la maziwa.

"Ulisema utaipeleka!"

"Nilisema nitaipeleka. Hukuniuliza lini. Nilikuwa nasubiri barua ya uhamiaji inayosema una mdhamini mpya. Umeiona? Mimi sijaiona."

Dada wa mapokezi akainua kichwa.

"Hii iko hai. Kesho saa mbili asubuhi, asile kitu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Kwa jicho moja.

"Na Darryl amepiga simu nyumbani," Minda akaongeza. "Wanauliza uliharibu nini. Wamekagua mpaka uzio."

Operesheni ilikwenda salama. Jicho lile naona nalo, ingawa mwanga mkali bado unanitoa machozi, na kazini nimeambiwa nipumzike wiki mbili.

Wewe unayejiandaa kwenda kufanya kazi ugenini, nisikilize. Neno "mkandarasi" ni tamu mdomoni. Lakini kabla ya kusaini, uliza visa yako inamtaja nani, na bima yako inalipwa na nani. Uliza kwa maandishi. Anayekasirika ukisoma karatasi yake amekuokolea muda wa kuisoma.

Jumapili iliyofuata Crisanto akaja nyumbani. Amekunja mkataba kwapani, amekasirika kweli kweli.

"Rodelio, umenivunjia heshima! Watu wa bandarini wananicheka! Ulisaini!"

"Nilisaini, lakini..."

"Mbele ya watu! Tena sikukulazimisha, nilikuuliza kama unataka kusoma!"

Hapo akawa amenishika. Nikatazama viatu vyangu.

"Kumpare," Minda akasema kutoka jikoni, "kaa kwanza, kuna kahawa."

"Sikai! Kumare, haya ni mambo ya mikataba, huyaelewi. Mimi ni baba wa ubatizo wa mwanenu! Nilisimama kanisani kwa ajili yenu, na leo mnanifanya tapeli?"

Minda akatoka jikoni, anafuta mikono kwa aproni. Akamchukua Jaslene kutoka mapajani mwangu, akasimama mbele ya Crisanto.

"Asubuhi ile ya ubatizo, kumpare, padre alikuuliza kama unamkataa shetani na kazi zake zote. Ukajibu 'namkataa' kwa sauti, mpaka mtoto akaamka. Mbona hukumwambia padre kuwa ukurasa wa nne haumo kwenye kazi hizo?"