Jina la Mlezi wa Inthorn

Mama Khamnoi hakuwa na mume. Hakuwa na meno ya nyuma, wala elimu ya kupita darasa la nne. Hakuwa na goti la kuaminika. Hakuwa na njia ya saruji ya kutoka nyumbani hadi barabarani. Moyo tu ndio haukumpungukia.

Mwanawe, Inthorn, alianguka kutoka juu ya mlongani, mti wa matunda, wakati wa mavuno. Tawi lilikatika, na tangu siku hiyo miguu yake haikufanya kazi tena. Majirani wengine walinong'ona kwamba kijana analipia makosa ya maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa.

"Tawi lilikuwa bovu," Mama Khamnoi aliwajibu. "Basi."

Kila asubuhi alimpikia uji wa mchele wenye tangawizi. Kisha binti yake mkubwa, Siphan, alimbeba Inthorn mgongoni na kumshusha ngazi za nyumba yao ya nguzo kabla ya kwenda kiwandani. Jioni alimpandisha tena.

Siku moja alikuja Nan Saeng. Huyu aliwahi kuwa mtawa, tena alikuwa na mguu mmoja. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wenye ulemavu cha kata yao. Ni yeye aliyewasaidia kuomba baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Aliikuta chini ya nyumba, imejaa vumbi.

"Dada Khamnoi, mnaifuga? Inataga mayai?"

"Itapita wapi, Mjomba?" Inthorn alisema. "Mvua ikinyesha uwanja wote ni tope. Nakwama kama nyati."

"Nitafanya kazi za zamu ya ziada tupate saruji," Siphan alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Utaanguka kwenye mashine!" mama yake alimkemea. "Nitakuwa na watoto wawili wa kubebwa, na mgongo wenyewe huu!"

Nan Saeng akauliza, "Siphan, kiwandani wanakukata kodi?"

"Kila mwezi."

"Hebu nione kitambulisho cha ulemavu cha Inthorn."

Alikitazama, akatikisa kichwa. "Jina la mlezi hapa ni la Mama."

"Ulitaka liwe la nani?" Mama Khamnoi aliuliza kwa ukali. "Karani aliuliza mlezi ni nani, wote wakaninyooshea mkono. Mtoto aandikwe mbele ya mama yake? Adabu gani hiyo?"

"Adabu ni nzuri, dada yangu. Lakini wewe hulipi kodi. Sheria inampa nafuu mlezi aliyeandikwa kwenye kitambulisho. Angekuwa Siphan, baht elfu sitini za mapato yake ya mwaka zisingehesabiwa kwenye kodi. Hapewi elfu sitini mkononi, sikilizeni vizuri. Anakatwa kodi kidogo zaidi, au hakatwi kabisa."

"Na posho ya Inthorn ya kila mwezi?" Mama Khamnoi aliuliza. "Wataifuta!"

"Hawaifuti. Posho ni haki ya Inthorn mwenyewe. Nafuu ya kodi ni ya mlezi wake. Sharti ni kwamba kipato cha Inthorn kwa mwaka kisizidi baht elfu thelathini. Na mlezi awe mlezi kweli, si jina la kukopa."

Mama Khamnoi alikunja uso. "Kwa hiyo mimi nimefukuzwa kazi."

Siphan aliinamisha kichwa. "Mama, tuache. Nitafanya zamu za ziada."

Nan Saeng hakubishana. Aliuliza tu, "Nani anamshusha Inthorn ngazi?"

Mama Khamnoi alilipapasa goti lake. Alimtazama binti yake, mabega yake yaliyoinama, na alama za mikono ya Inthorn shingoni.

"Mwandikeni Siphan," alisema mwishowe. "Lakini uji ni wangu. Asiguse sufuria yangu."

Inthorn akacheka. "Afadhali! Uji wake unafaa kubandika matangazo."

Wiki hiyo walikwenda ofisi ya mkoa kubadilisha jina la mlezi. Siphan alipeleka nakala kiwandani, wakapunguza makato ya mshahara wake. Zamu za ziada hakuzifanya. Pesa iliyobaki ilinunua saruji, mifuko michache kila mwezi. Kabla ya mvua kwisha, njia ilikuwa imefika barabarani. Mama Khamnoi aliisawazisha kwa mkono wake mwenyewe, ameketi kwenye kigoda.

Mwaka mpya ulipoingia, Siphan alitoa taarifa ya kodi. Aliomba arudishiwe kodi aliyokatwa miezi ya mwanzo. Ofisi ya kodi ikataka uthibitisho: nakala ya kitambulisho chenye jina la mlezi, na hati ya kwamba anamtunza ndugu yake.

Aliziweka ndani ya bahasha, lakini gundi ilikuwa imekauka kwa joto.

"Lete hapa," alisema Mama Khamnoi. Alichukua tonge dogo la wali wa kunata kikapuni, akalisaga kwa kidole, akapaka. Kisha akaikandamiza bahasha kwa kiganja chote, kama alivyoikandamiza saruji.

"Nani ataipeleka posta?" Siphan aliuliza.

Inthorn alikuwa tayari kwenye baiskeli yake, mkono ameunyoosha.

"Barua kwanza!" mama yake alipiga kelele nyuma yake. "Usianze kwa muuza tambi!"

Magurudumu yalipita juu ya saruji bila kukwama. Posta, Inthorn aliitumbukiza barua mwenyewe.