Kadi za Chiriku

Ukumbi ulikuwa umefurika. Wahitimu wa chuo cha uuguzi na majoho yao, wazazi na maua ya plastiki, watoto wakikimbizana katikati ya viti, na kila mtu akiongea kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Mshereheshaji alisimama nyuma ya pazia la jukwaa, gauni la zambarau limemkaa kama alizaliwa nalo, kucha zimepakwa, kilemba kimefungwa kikafungika. Zilibaki dakika tano aanze kazi, na hakuweza kuanza.

"Kuna kitu kinalia," alimwambia mwanamume aliyechuchumaa kwenye nyaya.

"Wapi?"

"Sijui. Kinalia ziiii. Tangu nimeingia."

Fundi wa mitambo ya sauti hakumjua mwanamke huyu; siku hiyo alikuja kumshikia nafasi mwenzake mgonjwa. Angeweza kumwambia, kama walivyomwambia mafundi wengine wote, kwamba hakuna kinacholia, dada, ni woga tu. Badala yake alitega sikio kwenye spika moja baada ya nyingine, na kwenye ya nne akakuta waya umelegea. Akaukaza. Mlio ukafa.

"Una masikio ya paka," alisema akifuta mikono kwenye suruali. "Mimi ndiye fundi, na sikusikia kitu."

"Lakini umeniamini."

"Kwa nini nisikuamini? Wewe ndiye uliyekuwa unasikia."

Mshereheshaji akapanda jukwaani akitabasamu peke yake, akaushika ukumbi ule kiganjani kwa saa tatu nzima. Watu walicheka hadi mbavu zikauma. Si bure mji mzima ulimwita Chiriku.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, maana wote wawili walifanya kazi siku ambazo wenzao wanapumzika.

"Masikio ya paka, umeamkaje?"

"Salama, fundi wangu. Wewe umelalaje, na umelala na nani?"

"Nimelala na spika mbili na katoni ya nyaya."

"Zikikuzalia mtoto uniite nishereheshe."

Fundi alicheka hadi akakohoa. Asilolijua ni kwamba lile la mtoto lilikuwa limeandikwa tangu jana yake.

Hapa inabidi nieleze habari ya kadi. Kila mshereheshaji anazo: ndogo, za kuenea kiganjani, zenye majina ya wageni na utani wa kujazia nafasi umeme ukikatika. Hilo halimshangazi mtu. Lakini Chiriku alikuwa na nyingine, ndani ya kopo la biskuti juu ya friji, na hizo hazikuwa za ukumbini. Kadi ya kuzungumza na mama mwenye nyumba. Kadi ya kutoa pole msibani. Kadi ya kupokea zawadi usiyoipenda: fungua macho, itaje rangi yake, uliza imetoka wapi, cheka kidogo, acha.

Alianza kuziandika akiwa na miaka kumi na mmoja, siku alipomkumbusha mwalimu aliyetoka kufiwa kwamba kipindi kimechelewa dakika saba. Darasa zima lilimzomea, naye hakuelewa kosa lake. Dakika zilikuwa saba kweli. Tangu hapo aliwasoma watu kama wengine wanavyosomea mtihani. Namna ya kuinamisha kichwa aliichukua kwa jirani. Kicheko alikichukua kwa dada yake. Kutazamana na watu machoni kulimshinda, kwa hiyo alitazama pale nyusi zinapokutana, na hakuna aliyewahi kugundua.

Kila baada ya sherehe alishusha mapazia, akazima simu, akalala kwenye sakafu ya jikoni, shavu kwenye saruji baridi, hadi alasiri ya siku ya pili. Fundi aliambiwa amekwenda kumwona shangazi mgonjwa. Maskini shangazi, mwaka ule aliugua kila Jumapili.

Kisha siku moja aliitwa kuendesha mkutano wa walimu. Kazi yake ilikuwa kumkaribisha mtaalamu wa usonji na kujiondokea, lakini alipofika mlangoni miguu ilikataa. Yeye alijua usonji ni habari ya watoto wasiosema, au wale wanaopiga hesabu za ajabu kichwani. Yeye anasema mpaka anabandikwa jina la ndege, na hata kugawa keki vipande sawa kunamtoa jasho. Lakini mtaalamu alisema wapo wengine, na wengi wao ni wanawake, wanaojifunza watu kwa kukariri, wakaigiza hadi wao wenyewe wakasahau walianzia wapi.  Chiriku alitaka kuketi na alitaka kukimbia.

Wiki mbili baadaye alikuwa mbele ya daktari.

"Wewe?" Daktari aliweka kalamu mezani, akacheka. "Wewe uliyeendesha mahafali ya binti yangu? Dada, mwenye usonji asingenikazia macho namna hii."

"Sikukazii macho, daktari. Natazama katikati ya nyusi."

Daktari akacheka zaidi, akidhani ni utani. Ndiyo balaa la kuwa mchekeshaji: hata ukiungua, watu watakupigia makofi.

Kwa dada yake mambo hayakuwa tofauti. Dada alikuwa mshonaji, ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alisimamisha cherehani, akamtazama juu ya miwani.

"Usonji? Wewe ukinyamaza dakika tano tutaita gari la wagonjwa! Umechoka tu, mdogo wangu. Lala."

Chiriku akarudi na swali lake kama alivyokwenda nalo. Ni kitu kweli, au ni kisingizio cha mtu asiyejua kupenda? Hilo ndilo lililomtafuna. Alimpenda Fundi kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote, na aliogopa kwamba siku atakapoona kilicho nyuma ya pazia, ataondoka.

Katikati ya hayo baba yake Fundi akalazwa ghafla. Chiriku alifika hospitali mbio, kandambili za nyumbani miguuni, akakaa kwenye benchi kando ya Fundi kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Hakusema neno. Taa za korido zilivuma, dawa ya kusafishia sakafu ilimchoma pua, naye akakaa vivyo hivyo. Mzee alipona, na hawakuizungumzia tena siku ile.

Jumanne moja Fundi alikuja na bisibisi.

"Hili friji linakukera, nimeona unavyolitazama. Leo nalinyamazisha."

Chiriku alikuwa bafuni akiosha nywele. Fundi akalivuta friji kutoka ukutani, kopo likaanguka, kadi zikatapakaa sakafuni. Aliinama kuziokota kwa nia njema kabisa. Ndipo akaona jina lake. FUNDI, ASUBUHI. FUNDI, AKIUDHIWA KAZINI: usimpe ushauri, sema "wamekukosea," subiri, shika mkono. FUNDI, AKICHOKA: "njoo hapa, jembe langu, nikutoe kutu."

Chiriku alitoka na taulo kichwani akamkuta ameketi sakafuni.

"Jembe langu nikutoe kutu," Fundi alisema taratibu. "Hili uliniambia siku ile ya mvua. Nililibeba kifuani wiki nzima. Niliwasimulia mpaka wenzangu kazini."

Fundi akaigeuza kadi.

"Mimi nilidhani linatoka moyoni. Kumbe nami ni ukumbi tu? Mgeni wa kuandikiwa kadi?"

"Si... si hivyo."

"Basi ni vipi? Nieleze."

Maneno yaligoma. Hakukuwa na kadi ya jambo hili. Katika miaka yote ile hakuwahi kuwaza kuiandika. Alisimama maji yakimtiririka shingoni, akitazama bisibisi.

"Na hospitali," Fundi alisema. "Baba yangu yuko kwenye oksijeni, wewe umekaa kama gogo. Hata pole hukunipa. Sasa naelewa. Kadi ulizisahau nyumbani."

Alichukua bisibisi yake akaondoka. Friji lilibaki katikati ya jikoni, likinguruma.

Siku ya tatu Chiriku alimpigia simu. Ilipokelewa.

"Haloo?"

Alijaribu. Alijaribu kwa nguvu zake zote.

"Haloo? Ni wewe, najua. Vipi, hii nayo inasubiri kadi?"

Simu ikakatwa. Chiriku aliiweka sakafuni, naye akalala kando yake, akalia hadi kope zikavimba.

Hapo ndipo dada yake alipomkuta, mchana kweupe, mapazia yameshushwa. Mshonaji yule alitazama kopo, akatazama kadi, akasoma tano, kumi, ishirini. Kisha akavua viatu akaketi sakafuni, yeye mwenye magoti mabovu.

"Wageni wakija ulikuwa unaingia mvunguni mwa kitanda," alisema. "Mama alikuwa anasema una maringo."

"Nakumbuka."

"Hiki kicheko chako. Ni changu?"

"Ndiyo, dada. Nilikiiga."

"Nilikuwa nakisikia kinafanana. Nilidhani ni damu." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nisamehe, mdogo wangu. Mtu anakwambia anaumwa, unamjibu alale. Tutatafuta daktari mwingine, anayejua kusikiliza. Na yule kijana wako je?"

"Ameondoka."

"Ameondoka anakwenda wapi? Karakana yake si iko pale pale?"

Daktari mwingine akapatikana, mwanamama mpole aliyeuliza maswali na kusubiri majibu yake. Hakusema ndiyo wala siyo. Alisema vipimo vyake ni mazungumzo marefu ya siku mbili, akampa barua: aje mwezi ujao, pamoja na mtu anayemjua vizuri. Dada angeweza kueleza habari za utotoni. Lakini anayeyajua maisha yake ya sasa alikuwa mmoja tu.

Alikwenda karakana saa nne asubuhi. Hakuvaa kilemba, hakupaka kucha. Fundi alikuwa akiunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyushwa; moshi mwembamba ulipanda mbele ya uso wake, uliokuwa umekonda kidogo. Alimwona, hakusimama.

"Nina maneno," Chiriku alisema. "Yatatoka vibaya. Usinikatize."

Sauti ilikuwa bapa, ya chini, haina mapambo. Fundi aliweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Sijui kama ni usonji. Huenda ndiyo, huenda siyo. Ninachojua ni kwamba maneno hayaniji kama yanavyowajia nyinyi. Mimi nayatafuta mapema, nayaandika, ili nikifika kwako nisije mikono mitupu. Lile la kutu lilinichukua siku tatu. Niliandika mengine kumi na moja nikayachana, kwa sababu hayakukutosha." Alivuta pumzi. "Hakuna shangazi mgonjwa. Nilikuwa nalala jikoni. Basi. Yameisha."

 Ukutani feni ilizunguka.

"Sauti hii sijawahi kuisikia," Fundi alisema.

"Ndiyo yangu. Ile nyingine ni ya kazi."

"Umekuwa nami miezi minane, na sauti yako naisikia leo." Hakuwa amesamehe bado, ilionekana kwenye taya zake. "Iliniuma, Chiriku. Bado inauma."

"Najua. Yaani, sikujua. Dada amenieleza." Akampa ile barua.

Fundi aliisoma mara mbili. "Wanataka mtu anayekujua vizuri."

"Ukikataa nitaelewa. Nitakuwa nimeumia, lakini nitaelewa."

"Na wakisema huna?"

"Sijui. Ndicho ninachokiogopa zaidi. Nitakuwa nani?"

"Ile spika," Fundi alisema akikuna kidevu, "nilipoitegea sikio sikujua kama kuna waya uliolegea. Nilijua wewe unasikia. Ningekosa waya, mlio ungekuwepo bado."

Akavuta kiti kwa mguu, akakipangusa vumbi, lakini hakumwambia akae. Alitazama ile barua tena, akaonekana kama mtu aliyekabidhiwa mzigo na hajui aushike wapi.

"Sasa mimi nitamwambia nini daktari? Mimi si mtu wa maneno. Nitafika pale nibabaike. Una kadi?"

"Nini?"

"Kadi tupu. Nipe moja."

Akafungua mkoba, akampa. Fundi alichukua penseli ya kuwekea alama mbao, akainama kwenye meza, akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Alifuta, akaandika tena. Ilimchukua muda mrefu, na Chiriku, aliyejua kazi hiyo ilivyo, hakumharakisha. Mwishowe alimsukumia kadi bila kumtazama.

*Anasikia milio ambayo mimi fundi siisikii.*

*Huvaa shimizi ndani nje, mishono isimguse. Anadhani sijaona.*

*Ukibadilisha njia bila kumwambia, anashika mlango wa gari.*

*Akichoka sana haongei. Nilidhani amekasirika. Nilikosea.*

*Siku baba alipolazwa alikuja bila kadi. Hakuwa na neno hata moja la kushika. Angeweza kurudi nyumbani. Alikaa mpaka saa tisa.*

Mstari wa mwisho ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mara mbili, karatasi imechakaa pale: *Ananipenda. Hili sikulisoma popote.*

Chiriku aliisoma hadi mwisho. Alitafuta jibu, akalikosa, na kwa mara ya kwanza hakuogopa kulikosa. Akakisogeza kile kiti karibu na meza, akakaa.