Jina Lililoitikiwa na Mwingine

Wewe uliyeajiri watu, mtu wako akiugua unamwandika vipi?

Nauliza kwa hasira, na hasira yangu mtaielewa.

Asubuhi ile hapa Oyugis ilikuwa njema. Mjukuu wangu Wesley alikunywa uji wa wimbi na mkewe Phanice, Phanice akimcheka kwa uji ulioganda kwenye masharubu. Wote wawili hufanya kazi katika kiwanda cha mikate. Wesley alitangulia. Phanice akampitia rafiki yake Nyanchoka, mkandaji unga mwenzake, akamkuta amejikunja kitandani, malaria imempanda, meno yanagongana.

"Lala. Ukienda utaanguka," Phanice akamwambia.

"Na Mokaya je?"

"Nitakuitikia."

Ngoja niwaeleze. Mokaya ndiye msimamizi. Kila asubuhi huita majina, na asiyeitika huandikwa mtoro, hata akileta karatasi ya hospitali. "Malaria? Kwani mbu wa Oyugis wanakuuma wewe peke yako?" Ndivyo anavyosema. Ukirudia, unafukuzwa. Basi wafanyakazi wakazoea: mmoja akiugua, mwenzake husimama nyuma ya magunia ya unga akaitika kwa jina lake. Wanasema ni kusaidiana. Asubuhi ile Mokaya akaita:

"Nyanchoka!"

"Niko!" Phanice akaitika kwa sauti nyembamba. Kisha, kabla hajamwambia Wesley, akapanda gari la kupeleka mikate Kendu Bay, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake.

Kabla ya chai ya saa nne, nyaya za umeme karibu na tanuri zikashika moto. Watu wakatoka mbio, wengine na unga hadi kwenye nyusi. Mokaya akaita majina uwanjani.

"Nyanchoka! Nyanchoka!"

Wesley akageukia mlango uliokuwa ukitoa moshi.

"Yumo ndani!" Wesley akapiga kelele. "Si aliitika asubuhi?"

Arasa, aliyesimama karibu na magunia asubuhi, alijua kwamba aliyeitika ni Phanice. Akamtazama Mokaya, akaogopa kuwaponza wenzake. Alipofungua mdomo, Wesley alikuwa ameshaingia kwenye moshi.

Walimtoa amebebwa. Nilimkuta wodini Homa Bay, kifua kikilia kama mlango mbovu.

"Dani," akaniambia, ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "nilimpapasa chini ya meza zote. Sikumpata."

Angempataje? Nyanchoka alikuwa kwake, chini ya blanketi!

Leo Wesley akitoka kitandani hadi mlangoni, anakaa chini kupumua. Kazi yake ya kubeba magunia imekwisha. Na huyo Mokaya anasimama mbele yangu bila aibu: "Mama, makosa ni ya mke wake. Alidanganya."

Alidanganya, ndiyo. Phanice mwenyewe analia kwa hilo kila siku. Lakini nani aliwafundisha watu wazima kujificha nyuma ya magunia?

FUNZO

Msimamizi, mgonjwa si mtoro. Ukimwadhibu kwa kusema kweli, utaongoza watu usiowajua walipo. Nanyi wafanyakazi, kumwitikia asiyekuwapo si kumsaidia. Simameni pamoja mkatae kanuni mbaya, kabla mtu mwingine hajaingia kwenye moshi kumtafuta asiyekuwamo.

Kabla Wesley hajatoka hospitali, mwenye kiwanda alifika wodini, Mokaya nyuma yake. Nyanchoka alikuwa ameketi miguuni pa Wesley, bado amekonda.

"Wewe ulitaka tukufanyie nini?" mwenye kiwanda akamwuliza.

Nyanchoka hakumtazama. Alimtazama Mokaya.

"Nilitaka niseme naumwa, uniandike mgonjwa. Basi."