Taa ya Mpira na Mkono Wangu wa Kulia

Nina miaka arubaini na mmoja, mkaazi wa Kikwajuni, na kazi yangu ilikuwa kuwapaka mabiharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua. Nasema ilikuwa... maana mkono wangu wa kulia haushiki tena hata kijiko!

Miaka michache nyuma nilijinunulia gari iliyotumika, kutoka Japani. Mpira ukipungua upepo, taa ya manjano inawaka mbele ya dereva. Siku moja ikawaka. Nikaenda kwa Haji, fundi, ambaye mama yake alininyonyesha pamoja naye. Ningempelekea nani mwengine? Kwetu, kumpita ndugu wa ziwa moja ukaenda kwa fundi wa kando ni kumtangazia kuwa hafai.

Haji aliipiga mipira teke, akaijaza upepo, akacheka kuwa hizo ni mbwembwe za Wajapani. Taa ikazima. Baada ya siku mbili ikawaka tena. Nilirudi mara tatu! Mara ya nne akabaki na gari mpaka adhuhuri, akanirudishia taa imezimika kabisa. Nikamwombea dua, mjinga mimi...

Wiki ya pili nikielekea Kidichi kwa biharusi, mpira wa nyuma ulipasuka kwenye kona. Gari ikapinduka, ikanilalia mkono!

Hospitali Haji alikaa ubavuni pangu akilia. Kumbe akitoka nje anawaambia watu kuwa naendesha kama kichaa! Mume wangu akaamini. Hata mimi, wallahi, nikaanza kujishuku.

Fundi mwengine, aliyeivuta gari, ndiye aliyefungua dashibodi akakuta balbu ya ile taa imetolewa. Na mpira ulikuwa na msumari wa siku nyingi, upepo ukivuja kidogo kidogo. Taa ilikuwa ikisema kweli siku zote!

Nikamwita Haji mbele ya mama yake.

"Dada, n'lishindwa kuijua ile taa," alisema. "N'kaona haya kukwambia. N'kaitoa."

Haya? Na ule uongo uliowapa watu nami nimelala hospitali, nao ulikuwa haya?

Mwezi uliopita binti yangu aliolewa. Kapakwa hina na mtu mwengine, mimi nimekaa pembeni natazama. Kuumia nimemsamehe. Kunisingizia, bado...

Wasomaji wenzangu, taa ikizimika msifurahi haraka. Muulizeni fundi ameona nini, akuonyesheni kwa macho. Akiwa ndugu yenu, muulizeni mara mbili. Akinuna, mwacheni anune!